Kadi Yenye Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Wiki nzima hakuna aliyeng'atwa! Naandika tena nione kama ni kweli — siku saba, meno sifuri. Mwezi wa kumi na moja niliandika kumi na tisa kwa wiki moja, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa kama mkate uliopitiwa na panya.

Bi Kalamu aliniambia niandike namba tu. Saa ngapi, kang'atwa nani, kabla ya hapo kulitokea nini. Basi. Nimejaribu, nimeshindwa. Mimi ni fundi cherehani. Miaka arobaini naandika viuno vya watu, na hata huko nilikuwa naongeza pembeni — huyu ana mimba, hajasema. Daftari ni hilohilo la vipimo. Mbele viuno, nyuma mjukuu.

Bi Kalamu namwita hivyo moyoni, kalamu haimtoki sikioni. Ni mtaalamu wa tabia za watoto. Kazi yake kuwafundisha yale ambayo watoto wengine huyaokota wenyewe: kuomba, kungoja, kukataa. Anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kabinti kadogo! Siku ya kwanza nikajisemea, huyu naye atanifundisha mimi kulea? Leo nimenyoosha mikono.

Mjukuu wangu ana miaka mitano, hasemi. Daktari aliita usonji. Mimi namwita Kifungo, maana hana anachokipenda duniani kama kopo langu la vifungo. Alikuwa na njia moja tu ya kumwambia mtu niache — meno. Sasa ana kadi. Bi Kalamu kachora mlango, kaufunika plastiki. Nami nikashona mfuko upande wa kulia, kwenye magauni yote sita, kadi ikae humo. Ukimchosha anaichomoa, anakupa, nawe unatoka chumbani. Papo hapo. Huulizi, hubembelezi.

Mfuko wa kushoto una kadi nyingine, ya kiganja kilicho wazi: "tena". Hiyo ni ya vifungo, nivimwage tena kwenye sinia vipige kelele. Kwa mtu hajaitumia hata siku moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimefukuzwa kwenye cherehani yangu mwenyewe! Sindano iko katikati ya pindo la mteja, Kifungo kaja kimya, kaniwekea kadi mapajani. Nikasema mke mwenzangu, ngoja basi nimalize — Bi Kalamu akanitolea macho. Nikatoka. Nimekaa ukumbini kama mgeni aliyekuja kudai.

Nilikumbuka tulivyoanza. Mimi mbele, namsogelea. Bi Kalamu nyuma yake, kamshika mkono, anauongoza mfukoni, unachomoa, unanipa. Bila neno. Baadaye akawa anamshika kiwiko tu. Kisha bega. Kisha akakaa mbali kabisa. Miezi mitatu! Na zawadi yake, tofauti na mafunzo mengine, haikuwa kifungo wala biskuti. Zawadi ilikuwa mimi kuondoka. Siku nilipolielewa hilo niliingia bafuni nikafungulia bomba, nisisikike.

Jioni kapiga simu mwanangu, mama yake Kifungo. Aliondoka mtoto ana mwaka na nusu. Yuko ng'ambo, anatunza wazee wa watu. Kapata likizo — anafika Jumamosi, siku kumi! Nikapiga kigelegele peke yangu. Halafu akasema taratibu, mama, mtoto akinikubali sirudi tena huku, nitatafuta kazi hapohapo. Nikamuuliza, asipokukubali? Akasema, nitakuwa nakaa kwa ajili ya nani?

Kwa ajili yangu. Sikulisema. Jicho la kulia limeanza kuingia ukungu, uzi natia kwa kubahatisha. Hilo nalo sikulisema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuuliza Bi Kalamu, je, akimpa mama yake kadi?

Atatoka, kama sisi sote.

Hata siku ya kwanza? Hata dakika ya kwanza?

Hiyo ndiyo muhimu kuliko zote, bibi. Kasema mtoto akinena asisikilizwe, atarudia lugha ile aliyoona inasikika. Kanipa maagizo: mama akae mbali, awe na vifungo, asimtazame machoni, asimkumbatie, aondoke kabla hajafukuzwa. Nikaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Kichwani nilikuwa na yangu.

Miaka mitatu na nusu mtu anaota kumshika mwanawe. Afike apewe mlango! Nani atakaa hapo? Hata mimi ningebeba begi langu nikarudi nilikotoka.

Alasiri nimeufumua mfuko wa kulia wa gauni la manjano. La kuvaa kesho. Kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Kisha nikapiga pasi, hata tundu za sindano hazionekani. Kadi nimeiweka kwenye kopo la sindano. Siku moja tu, wazoeane, Jumatatu nitaurudisha.

Kazi safi. Ni nani atajua?

Jumamosi, 8 Machi



Kafika saa nne. Kakonda, kavaa koti ambalo mimi ningelipunguza mabega. Akasimama mlangoni akamwona Kifungo kwenye mkeka na gauni lake la manjano. Na mimi — mimi mwenyewe, hakuna mwingine — nikasema, mkumbatie mwanao, unangoja nini!

Akamkumbatia.

Kifungo hakupiga kelele. Mkono wake wa kulia ukashuka ubavuni. Ukapapasa. Ukarudi juu, ukashuka tena. Vidole vinatafuta mdomo wa mfuko pale ulipokuwa. Mara tatu alitafuta. Mara tatu! Nami nimesimama hatua mbili kutoka hapo, najua anachotafuta, najua kilipo.

Ndipo akang'ata. Shavuni, chini ya jicho. Hakuachia mpaka nilipomwinamia na kumshika taya.

Zahanati wameshona nyuzi nne. Mishono mirefu, mibaya, ningemshonea vizuri zaidi mimi. Mwanangu hakulia hata wakati wa sindano. Tulipokuwa tunarudi ndipo akasema, mama, si uliniambia ameacha?

Jumapili, 9 Machi

Meno: sita. Mimi mbili, mwanangu moja, mkono wake mwenyewe tatu.

Mfuko nimeurudisha leo alfajiri, kadi nimeirudisha. Anaugusa, haingizi mkono. Hauamini tena.

Mwanangu kajifungia chumbani. Nimemwekea chai mlangoni. Imepoa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema uongo. Umri huu! Bi Kalamu kaniuliza imekuwaje, nikamwambia mfuko ulichanika kwenye kufua. Akaomba gauni. Akaligeuza ndani nje. Si fundi yule, lakini macho anayo — kitambaa hakikuchanika popote, na uzi ni mpya. Akanitazama. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikasema yote, na mwanangu yuko palepale na plasta usoni.

Nilingoja anifokee. Alitoa kalamu sikioni akaiweka chini. Sijawahi kuona hilo. Akasema, mtoto alisema, bibi. Alisema kwa adabu, kama tulivyomfundisha. Sisi ndio tuliomziba.

Kasema "sisi". Angesema "wewe" nisingeumia hivi.

Mwanangu akaniuliza, ulikuwa unamwonea huruma nani, mimi au wewe?  Jibu ninalo. Sikulitoa.

Tumeanza upya. Bi Kalamu nyuma, mkono kwa mkono. Mbele kakaa mwanangu, yeye ndiye wa kupewa kadi na yeye ndiye wa kutoka. Mimi nimepewa saa na daftari. Mara ya kwanza Kifungo alipoiacha kadi kiganjani mwa mama yake, mwanangu akainuka akatoka bila kugeuka nyuma. Akafunga mlango polepole. Nikamsikia anateleza ukutani mpaka chini.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema. Hapa tunalia wote, wa kuchelewa na wa kuchelea.

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu katoka chumbani mara thelathini na moja leo. Nimehesabu. Anaingia, anakaa ukingoni mwa mkeka, anadondosha vifungo kwenye sinia bila kumtazama mtu. Kadi. Anatoka. Anaegemea ukuta wa ukumbini, anajifuta, anaingia tena. Muda mrefu kuliko yote kabla ya kadi: dakika mbili kasoro. Meno: mbili.

Jirani kapita kuchukua nguo, kaona vituko vyetu. Akasema mtoto wa hivyo kwake angekula fimbo, samaki mkunje angali mbichi. Nikamwambia na yeye aje nimpime upya, kiuno kimeongezeka vidole vinne. Kaondoka bila hata kupewa kadi! Mwanangu akacheka. Mara ya kwanza tangu afike. Plasta ikamvuta, akashika shavu, akaendelea kucheka mpaka ikawa si kicheko tena.

Alhamisi, 13 Machi

Meno: moja. Muda mrefu: dakika nne.

Nimetia uzi kwenye sindano mara tisa. Mwisho nikamwomba mwanangu. Hakuuliza kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Meno sifuri. Nilitaka kushangilia, sikupata mwenzangu.

Mwanangu kamwambia Bi Kalamu: nimekuja huku nikae na mwanangu, kumbe nimekuja kufanya kazi ya kuondoka. Na naiweza. Nina uzoefu nayo.

 Bi Kalamu akafungua karatasi zake. Akasema kuna kitu ameanza kukiandika tangu juzi. Mama akitoka, mtoto alikuwa anageukia sinia saa hiyohiyo. Leo mara mbili hakugeuka. Aliutazama mlango. Mara ya pili sekunde nane.

Sekunde nane, mwanangu akasema. Alirudia kama anayeonja kitu. Halafu: dada, unanishauri nijenge maisha yangu juu ya sekunde nane?

Bi Kalamu akakunja karatasi zake. Hiyo ndiyo shida yake, na ndiyo sifa yake — haahidi. Mimi ningeahidi! Ningeapa!

Baada ya chai mwanangu kapiga simu kuthibitisha safari. Jumanne, gari saa mbili na nusu asubuhi. Nilisimama nyuma yake nikiwa na habari ya jicho imekaa mdomoni kabisa. Nikaimeza. Nilishamvuta kwa ujanja mara moja, ana nyuzi nne usoni. Akikaa, akae kwa anachokiona.

Naumia lakini. Naumia kwelikweli.

Jumapili, 16 Machi

Dakika kumi na moja!

Ilikuwa hivi. Asubuhi, jua limeingia mpaka nusu ya mkeka. Mwanangu kakaa ukingoni kama kawaida, kopo mapajani. Anatoa kifungo kimoja, anakidondosha. Kimoja, anakidondosha. Kifungo wangu anasikiliza, kichwa kimeinama. Mwanangu akatua. Ile kutua tu, kupumzisha mkono. Mtoto akaingiza mkono kushoto, akatoa kadi ya "tena", akaiweka kwenye sinia. Si kiganjani, kwenye sinia. Bi Kalamu angesema hiyo ni ya vifungo, bibi, usiongeze chumvi. Siongezi.

Mwanangu akaendelea. Na kidole gumba cha mguu wa Kifungo kikawa juu ya pindo la gauni la mama yake. Kimekaa pale. Hakuna aliyepumua.

Kisha mkono wa kulia. Kadi yenye mlango. Mwanangu akainuka akatoka, taratibu ili pindo lisimvute mtoto.

Nikamfuata ukumbini. Analia, anacheka. Kanishika mabega, kasema, mama, kanipa polepole. Zile nyingine alikuwa ananisukumia. Hii kanipa.

Nikamwambia basi usiende.

Lilinitoka! Akaniachia mabega. Akasema, mama, kesho kutwa saa mbili na nusu. Akarudi ndani kungoja zamu yake.

Jumatatu, 17 Machi

Begi liko tayari, limesimamishwa pembeni ya mlango. Kifungo kalizunguka mara mbili, kaligusa zipu, kaondoka.

Bi Kalamu kamwagiza mwanangu namna ya kuondoka. Kaa naye na vifungo mpaka dakika ya mwisho. Usimkumbatie kwa ajili ya haja yako. Inuka, toka, kama siku zote. Mwanangu kaitikia. Akauliza, atajua kwamba hii si kama siku zote? Bi Kalamu kasema hajui. Kasema pia kwamba kwa wiki moja hajaona mama aliyefanya kazi hii vizuri kama yeye, na macho yake yalikuwa yamejaa. Kalamu sikioni, macho yamejaa.

Kesho si siku yake, hatakuja. Akiaga kaniambia, andika, bibi. Namba, na hayo mengine yako.

Kumbe anajua!

Jumanne, 18 Machi

Saa mbili na dakika ishirini. Naandikia juu ya cherehani, wako mbele yangu.

Niandike kwa mpangilio. Saa moja kasoro mwanangu kakaa kwenye mkeka, viatu vya safari miguuni. Si ukingoni leo. Kati. Kifungo hakusogea. Vifungo kimoja kimoja. Saa moja ikafika, hakuna kadi. Saa moja na nusu, hakuna. Nikawa natazama mfuko wa kulia kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Hakuna.

Saa mbili na dakika kumi gari likaja. Mapema! Dereva kapiga honi, kashuka, kabisha hodi na kuingia kwa pamoja, viatu vyake vikubwa vina tope mpaka kwenye zulia langu. Za asubuhi, bibi, begi ndilo hili? Kashika mpini.

Kifungo akainuka. Mkono wa kulia mfukoni. Nikajua — saa imefika, anampa mama yake, afadhali ampe yeye kuliko gari limchukue. Mwanangu naye alijua. Alishaanza kuinuka, mtiifu, kiganja kiko wazi tayari kupokea.

Kifungo akampita.

Akaenda mpaka kwa dereva, akamwekea kadi juu ya mkono ule ulioshika begi.

Dereva akacheka. Hii nini tena, bibi?

Kadi, nikamwambia. Toka nje.

Nitokeje, na mzigo?

Uache mzigo. Toka, baba. Ndiyo sheria ya nyumba hii, anayepewa anatoka, hata mimi mwenye nyumba natoka. Sauti yangu sikuijua. Akatutazama wote watatu — kizee na daftari, mama ana kovu, mtoto kasimama wima hamtazami mtu. Akaliachia begi. Akatoka. Nikafunga mlango.

Saa mbili na dakika kumi na nane. Kapewa dereva. Katoka. Meno sifuri.

Sijui. Inawezekana ni viatu vyake, au sauti, au harufu ya gari. Bi Kalamu angesema usimwekee mtoto maneno mdomoni. Simwekei. Nimeandika kilichotokea.

Kifungo karudi kwenye mkeka. Kakaa palepale alipokuwa. Mguu wake uko juu ya pindo la mama yake, unyayo mzima. Mwanangu anadondosha vifungo, kimoja kimeviringika mpaka chini ya cherehani na hakuna anayekifuata. Ananitazama. Ananiuliza kwa macho. Nami nainamisha uso kwenye daftari, naandika, maana nikifungua mdomo nitasema la jicho, nitasema yote.

Hajapewa kadi. Sheria inasema anayepewa ndiye anayetoka. Ambaye hajapewa hatukuwahi kumwandikia kitu.

Saa mbili na dakika ishirini na saba. Honi. Tena honi.

Dereva anabisha hodi sasa. Mara hii anangoja nje. Tumo ndani watatu, na hakuna anayemwitikia "karibu".